Maswali ya Wasomaji: Mpiga Chelo Aliyeshika Pia Fimbo ya Okestra

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikijibu swali kuhusu ala za nyuzi, niliandika kwa kupita tu kwamba Maurice Gendron wa Ufaransa alikuwa mpiga chelo aliyewasikiliza wenzake kuliko alivyojisikiliza mwenyewe. Sikudhani kwamba kati ya Nakuru na Busia wako watu wengi wanaolijua jina hilo. Nilikosea, kwa kuwa barua zilizofika mezani pangu hapa Kisumu zimenilazimu kuitoa safu nzima ya mwezi huu kwa mtu huyo na kwa santuri za zamani za aina aliyozipiga. Kwa wasioijua ala yenyewe, chelo ni ndugu mkubwa wa fidla: ina nyuzi nne, hupigwa kwa upinde, na mpigaji hukaa kitini akaishikilia katikati ya magoti, nayo hutoa sauti iliyo karibu sana na ya mwanamume anayeimba. Barua nimezifupisha.

*

Ndugu Mwandishi, baada ya kumzika mjomba wangu, ambaye alifundisha katika shule za Bonde la Ufa kwa miaka mingi, tulikuta chini ya kitanda chake sanduku la santuri. Moja ni ya muziki wa Brahms, na kwenye jalada lake kuna majina sita: Yehudi Menuhin, Robert Masters, Cecil Aronowitz, Ernst Wallfisch, Maurice Gendron na Derek Simpson. Hakuna jina la okestra wala la mwongozaji. Binamu yangu anasema kwamba Gendron alikuwa mwongozaji wa okestra na kwamba bila shaka ndiye aliyewaongoza hao wengine. Mimi nasema alikuwa mpiga chelo. Tumebishana tangu matanga hadi leo. — Msomaji wa Milimani, Nakuru

Kuhusu mtu mwenyewe, nyote wawili mko sahihi. Kuhusu santuri mliyoikuta, wewe ndiye uliye sahihi. Gendron alizaliwa Nice, mji wa pwani ya kusini ya Ufaransa, tarehe 26 Desemba 1920, akaanza kujifunza chelo akiwa mtoto mdogo, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akaenda Paris kusoma katika Conservatoire, chuo cha muziki cha huko, chini ya Gérard Hekking. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta huko, kijana asiye na kitu, na Wajerumani walipoikalia nchi alijiunga na harakati za siri za kuwapinga. Jina lake lilianza kuvuka mipaka mwaka 1945, alipokwenda London akapiga konserto ya chelo ya Prokofiev pamoja na London Philharmonic Orchestra, akiongozwa na Walter Susskind. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alirekodi konserto ya Schumann chini ya Ernest Ansermet na okestra yake ya Uswisi, na tangu hapo kampuni za santuri hazikumwacha tena.

Hata hivyo, anayetaka kumwelewa asianzie kwenye konserto, ambako mpigaji huketi mbele na okestra nzima ikamtumikia. Aanzie mwaka 1957, pale Menuhin alipofanya tamasha lake la kwanza katika kijiji cha Gstaad, kwenye milima ya Uswisi, akawaalika marafiki watatu tu wenye majina: mtunzi Benjamin Britten, mwimbaji Peter Pears, na Gendron. Urafiki huo ulizaa trio ya Menuhin mwenye fidla, dada yake Hephzibah kwenye piano, na Gendron kwenye chelo, ambayo ilidumu kwa takriban robo karne. Hephzibah na Gendron walizaliwa mwaka mmoja, na mimi, nikizisikiliza santuri zao, hudhani kwamba wawili hao ndio waliokuwa nguzo za nyumba, huku kaka mtu akiwa dirisha ambalo wapita njia walilitazama.

Sasa turudi kwenye santuri ya mjomba. Brahms alitunga kazi mbili za namna hiyo kwa wapigaji sita, yaani fidla mbili, viola mbili (viola ni kama fidla, ila ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi) na chelo mbili: ya kwanza aliikamilisha mwaka 1860 na ya pili mwaka 1865. Menuhin na wenzake walizirekodi zote mbili katika miaka ya 1960. Itazame lebo ya katikati. Ukiona nambari ya kazi ya 18 (Op. 18), basi mna ile ya kwanza, na hapo mna bahati, kwa sababu wimbo wa mwanzo kabisa haufunguliwi na fidla kama ilivyo desturi, bali na chelo ya kwanza, ambayo ni ya Gendron. Inasemekana kwamba Brahms hakuuanza hivyo katika rasimu yake, na kwamba ni rafiki yake Joachim, mpiga fidla, aliyemshauri auweke wimbo huo kwenye chelo kwanza. Sikilizeni jinsi Gendron anavyouingia bila kuupigia hodi kwa kishindo: hana haraka, hasukumi, na sauti yake haiwi kubwa kuliko inavyohitajika kusikika juu ya viola na chelo nyenzake. Halafu fidla ya Menuhin inapoupokea wimbo, yeye hurudi nyuma mara moja, kama mwenyeji anayemwachia mgeni kiti.

Nyongeza moja ambayo huenda ikampendeza binamu yako: Cecil Aronowitz, mmoja wa wapiga viola wawili mliowataja, alizaliwa Afrika Kusini, katika mji wa King William's Town, mwaka 1916.

*

Mwalimu, mimi nafundisha muziki na huandaa wanafunzi kwa tamasha la muziki la shule kila mwaka. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini muziki wa chemba hauna mwongozaji, ilhali kwaya ya watoto thelathini haiwezi kwenda bila mimi kusimama mbele na kupunga mikono. Na kama Gendron alijua kuongoza, kwa nini alipoteza wakati akikaa na watu watatu au sita? — Mwalimu, Kakamega

Swali lako la kwanza unalo jibu lake nyumbani. Umewahi kuwaona Waisukha na Waidakho wakipiga isukuti: ngoma kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ikiwa na mpigaji wake na mpigo wake, na hakuna mtu anayesimama mbele yao na kijiti kuwahesabia. Wanaposhika kasi, wanaishika pamoja kwa sababu kila mmoja ameyaweka masikio yake kwenye ngoma ya mwenzake. Muziki wa chemba, ambao uliitwa hivyo kwa sababu ulitungwa upigwe chumbani mwa nyumba badala ya kanisani au katika ukumbi mkubwa, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: mtu mmoja kwa kila sauti, na uongozi unaohama. Mwenye wimbo ndiye mwenye amri kwa wakati ule, na anapoukabidhi wimbo, huikabidhi na amri. Kwaya yako inakuhitaji kwa sababu watoto kumi wanaimba sauti moja na hakuna mmoja wao anayeweza kuwajibika kwa pumzi ya wengine tisa.

Swali la pili lina msingi usiokubalika kwangu, yaani kwamba kukaa na watu sita ni kupoteza wakati kwa mtu anayeweza kusimama mbele ya sitini. Historia ya chelo imejaa watu walioiacha kiti wakashika fimbo. Toscanini alikuwa mpiga chelo katika okestra ya opera ya Waitaliano waliokuwa ziarani Rio de Janeiro mwaka 1886, alipoitwa ghafla kuongoza akiwa na miaka kumi na tisa. Barbirolli wa Uingereza alianzia kwenye chelo. Casals, Mkatalani ambaye Gendron alimheshimu kuliko wote, aliunda okestra yake mwenyewe mjini Barcelona mwaka 1920. Sidhani kwamba ni sadfa. Mpiga chelo hukaa kwenye sakafu ya muziki, pale ambapo sauti za chini huamua sauti za juu zitakuwa na maana gani, na dakika inayofuata hupewa wimbo wenyewe auimbe. Kwa hiyo anazoea mapema kuisikia nyumba nzima, msingi na paa, wakati mwenye fidla ya kwanza anaweza kuishi maisha yake yote darini.

Gendron aliufuata mkondo huo, na mapema katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Bournemouth Sinfonietta, okestra ndogo ya kusini mwa Uingereza. Nitasema wazi kwamba si kwa kazi hiyo anakumbukwa, na kwamba santuri alizoongoza hazifikii zile alizopiga. Lakini kile kilichomfanya afae kushika fimbo kinasikika vizuri zaidi pale asipokuwa nayo. Msikilize katika kazi ya watu sita uone jinsi wapigaji wote wanavyopunguza kasi mwishoni mwa sehemu: mara nyingi ni chelo inayoanza kulegea kwanza, kwa kiasi kidogo mno, na wengine wanafuata bila kujua kwamba wameongozwa.

Wanafunzi wako wafanyie jaribio. Wapange wanne waimbe sauti nne, kisha uwageuzie mgongo.

*

Mhariri, mimi ni mstaafu wa reli na nina santuri nzito za zamani, zile za kuvunjika kama sahani ya udongo. Nina trio ya Schubert iliyopigwa na Cortot kwenye piano, Thibaud kwenye fidla na Casals kwenye chelo, nayo imekatwakatwa katika santuri nne. Kila ninapoanza kuonja utamu, muziki unakatika nami nainuka kugeuza upande. Je, waliotengeneza walikuwa hawaoni ubaya wa jambo hilo? — Mstaafu, Kisumu

Mzee wangu, waliuona, lakini hawakuwa na njia. Santuri ulizo nazo zimetengenezwa kwa sheli, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na huzunguka mara 78 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, hata ile kubwa yenye upana wa inchi kumi na mbili hubeba dakika nne, au tano ikibanwa sana. Trio hiyo ya Schubert, ambayo watatu hao waliirekodi London mwaka 1926, mwaka mmoja tu baada ya kampuni kuanza kutumia maikrofoni za umeme, ilijaza pande nane. Ile ya Beethoven iitwayo Archduke, waliyoirekodi mwaka 1928, ilijaza pande kumi.

Wewe umekulia Kisumu, kwa hiyo naamini unazikumbuka santuri ndogo za benga, ambazo wimbo mmoja uliandikwa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Wapigaji wa benga waliigeuza shida ile kuwa faida, wakaimba hadithi upande wa kwanza na kuziachilia gitaa upande wa pili, hata msikilizaji akawa anaigeuza santuri kwa hamu badala ya kuudhika. Schubert hakuwa na nafasi hiyo, maana aliishatunga mwaka 1827 na kufa mwaka uliofuata, karibu miaka hamsini kabla ya mtu yeyote kuweza kunasa sauti na kuipiga tena. Wapigaji walilazimika kutafuta mahali pa kukata ambapo jeraha lisingekuwa baya mno, na mara nyingine waliharakisha kidogo wakikaribia mwisho wa upande kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha. Ukisikia kasi inaongezeka bila sababu ya kimuziki karibu na lebo, usimlaumu Thibaud.

Lakini kuna jambo ambalo santuri zako zinalo na za baadaye hazina. Kila upande ulipigwa mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ukachongwa papo hapo kwenye nta, na kosa halikuweza kukatwa likatupwa. Aliyekosea alilazimika kurudia upande mzima. Ukanda wa sumaku ulipoingia studio mwishoni mwa miaka ya 1940, na santuri ndefu ya mizunguko thelathini na tatu na theluthi ikatokea Marekani mwaka 1948, watu wakaanza kuunganisha vipande vizuri vya siku mbalimbali. Gendron ni mtu wa mpaka ule. Alianza kurekodi katika siku za sheli na akamalizia katika siku za stirio, na nadhani mazoea ya ujana hayakumtoka, kwani hata katika santuri zake ndefu unahisi mtu anayepiga kana kwamba hakuna nafasi ya kurudia.

Kuhusu kuinuka kugeuza: mimi nilipokuwa mdogo kazi hiyo ilikuwa yangu, na baba alinilipa kwa kuniruhusu nisilale mapema. Mtafute mjukuu.

*

Shikamoo Mwalimu. Nasoma Maseno, na katika simu yangu nilikuwa na konserto ya chelo ya Boccherini ya B-flati niliyoizoea. Juzi nikaisikia kwenye santuri ya Gendron nyumbani kwa mlezi wangu nikashtuka, kwa sababu sehemu ya katikati ni wimbo mwingine kabisa, na hata sehemu ya kwanza ina mambo mageni. Je, Gendron alibadilisha muziki wa watu? — Mwanafunzi, Maseno

Marahaba, binti yangu. Kinyume chake: aliyebadilisha ni mwingine, na Gendron ndiye aliyerudisha. Luigi Boccherini, aliyezaliwa Lucca mwaka 1743 na kufa Madrid mwaka 1805, alikuwa mwenyewe mpiga chelo hodari na alitunga konserto kadhaa kwa ala hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, mpiga chelo Mjerumani aitwaye Friedrich Grützmacher alichukua konserto ya B-flati, akaiongezea vipande kutoka konserto nyingine za mtunzi huyo huyo, akaing'oa sehemu yake ya polepole na kuipachika ya konserto nyingine mahali pake, akatanua okestra na kuipamba kwa ladha ya zama zake. Kazi hiyo ikapendwa sana. Vizazi vya wapiga chelo vikaikariri vikiamini kwamba ni ya Boccherini, kumbe ilikuwa kama vazi lililoshonwa kwa vitambaa vya nguo nne za mtu mmoja.

Muswada wa konserto ya asili ulikuwa umehifadhiwa katika maktaba ya Dresden. Gendron aliupata huko, akauandaa kwa uchapishaji, na mwaka 1960 akaurekodi pamoja na konserto ya Haydn ya D, akisindikizwa na okestra ya Lamoureux ya Paris. Aliyesimama mbele ya okestra hiyo na fimbo alikuwa Casals, mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini. Hebu fikiria hali ilivyokuwa: Casals mwenyewe alikuwa ameifanya ile nakala ya Grützmacher ijulikane duniani kwa kuirekodi katika miaka ya 1930, na sasa, uzeeni, anamwongoza kijana anayeiondoa jukwaani. Sijui ni wazee wangapi wa fani yoyote wangekubali.

Tena katika Haydn kuna tukio la bahati. Wakati huo watu walikuwa na konserto hiyo moja ya D tu ya kupiga, na hata hiyo ilikuwa imeshukiwa kwa muda mrefu kuwa ni ya mwanafunzi wake, Anton Kraft. Mwaka uliofuata, 1961, konserto ya C iliyodhaniwa kupotea iligunduliwa Prague, na leo wanafunzi wengi huianza hiyo kwanza. Kwa hiyo santuri ya mlezi wako imesimama ukingoni mwa ujuzi wa wakati wake: upande mmoja unasahihisha kosa la miaka zaidi ya sitini, na upande mwingine haujui kwamba ndugu wa Haydn ya D yuko karibu kufukuliwa.

Usiifute hiyo ya kwenye simu. Nakala ya Grützmacher ni muziki mtamu, na sehemu yake ya katikati, ingawa imehamishwa, bado ni ya Boccherini. Ila ukiulizwa darasani, useme ni ipi.

*

Nina santuri kama ishirini, nyingine zimeota ukungu tangu mvua za masika. Rafiki amenishauri nizifute kwa spiriti. Pia nimepewa gramafoni ya kukaza kwa mkono. Je, nizipigie humo? — Msomaji, Bungoma

Tafadhali weka chupa hiyo ya spiriti chini kwanza. Spiriti huyeyusha sheli, kwa hiyo ukiipitisha juu ya santuri nzito za mizunguko 78 utaufuta muziki pamoja na ukungu. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa na kuchujwa, au bora zaidi maji safi ya betri ambayo hayajatiwa asidi, na tone moja la sabuni laini, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji na kamwe usiikate kwa kwenda katikati, suuza, kausha kivulini. Lebo usiilowanishe. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima kama vitabu, kwa maana zikilazwa moja juu ya nyingine chini ya bati la mchana hupinda kama chapati.

Gramafoni ya mkono ipigie zile za sheli tu, na ubadilishe sindano ya chuma kila upande. Santuri ndefu za plastiki, kama zile za Gendron na akina Menuhin, usizithubutu humo: mfereji wake ni mwembamba mara tatu hivi kuliko wa sheli, na sindano ile nzito itaulima kama jembe. Kosa la kinyume chake nililitendewa mimi na fundi mmoja mjini, aliyeweka sindano ya santuri ndefu kwenye santuri ya sheli akaniambia kwamba kelele zote zile ni za uzee wa rekodi. Sindano ilikuwa ikitambaa chini ya mfereji, mahali penye taka.

Wapo walioniuliza bei. Santuri ya muziki wa chemba ya miaka ya 1960 haitamjengea mtu nyumba Bungoma, na aliyenayo afadhali aipige.

*

Mimi ni mama wa nyumbani, si msomi wa muziki. Nimekulia kwenye orutu ya babu. Nina saa moja siku ya Jumapili baada ya ibada, kabla wageni hawajafika. Nianzie wapi kwa huyo Gendron, na nisikilize nini? — Mama, Kondele, Kisumu

Mama, aliyekulia kwenye orutu hahitaji usomi wa ziada. Babu yako alikuwa na uzi mmoja na upinde, na kwa uzi huo alitakiwa kuimba, kulia na kujibu. Masikio yako yameshazoea kufuata upinde, na hilo ndilo linalowashinda wengi wanaokuja kwenye chelo kutoka kwenye gitaa na kinanda.

Anza na sonata ya chelo na piano ya Debussy, ambayo Gendron aliirekodi na Jean Françaix, mtunzi wa Kifaransa aliyekuwa pia mpiga piano wake wa miaka mingi. Haifiki dakika kumi na tatu. Debussy aliitunga mwaka 1915, wakati wa vita na ugonjwa, akiwa amepanga kutunga sonata sita. Alimaliza tatu tu kabla ya kufa mwaka 1918. Katika sehemu yake ya pili Gendron huacha upinde na kuzidonoa nyuzi kwa vidole, kwa mchezo na dhihaka kidogo, na nina hakika utatabasamu, kwani utadhani gitaa la nyumbani limepotea njia likajikuta Paris. Chelo ya wapigaji wengine hapo huwa na sauti ya mpira. Yake ni kavu na kila neno linatamkwa.

Kisha pumzika kidogo, uende kwa Schubert, kwenye sonata iitwayo Arpeggione, ambayo pia ameipiga na Françaix. Jina hilo ni la ala iliyobuniwa Vienna mwaka 1823, yenye nyuzi sita kama gitaa lakini ikipigwa kwa upinde. Schubert aliitungia kazi hii mwaka 1824, ala yenyewe ikasahaulika upesi, na chelo ikarithi muziki. Ni urithi mgumu, kwa sababu sauti hupanda juu mno kwa mpiga chelo, na wengi husikika kama watu wanaosimama kwa ncha za vidole. Gendron hupanda pale kama aliyezaliwa ghorofani. Ningekuambia hata kwamba hii ndiyo santuri yake bora kuliko zote, isipokuwa marafiki zangu wawili wanaozipenda zile suite sita za Bach za chelo peke yake alizorekodi mwaka 1964 watanikatia salamu.

Dakika zilizobaki zitoshe sehemu ya pili tu ya trio ya Schubert ya B-flati, ile ile ambayo mzee wetu wa reli anayo katika santuri nne, lakini hii iwe ya Menuhin, Hephzibah na Gendron. Sitakuficha kwamba upinde wa Menuhin katika miaka ile haukuwa tena upinde wa ujana wake. Hutetemeka mahali, na noti nyingine huzigusa badala ya kuzikaa. Usikate tamaa kwa hilo. Piano inaanza kubembeza, kama mtu anayetikisa mtoto, na mara moja chelo inaleta wimbo. Ufuate mpaka fidla iuchukue, na hapo, badala ya kuifuata fidla kama masikio yatakavyotaka, baki na chelo iliyohamia chini. Utamsikia Gendron akiupunguza upinde wake kila mahali ambapo wa Menuhin unayumba, na kuuongeza tena unapotulia.

Ila usisikilizie kwenye spika ya simu. Uzi mzito wa chelo hutetemeka mara 65 hivi kwa sekunde, na spika ile ndogo haiwezi kuufikia mtetemo huo, kwa hiyo utasikia fidla na piano wakizungumza na mtu asiyekuwepo. Azima spika kubwa ya kanisa, kama mchungaji ataridhia.